Je, Wajua? Watoto 12 Walivyotia Hofu Dunia Nzima

Je, wajua kwamba dai la chanjo kuleta usonji, lile linalozunguka hadi leo kwenye makundi ya WhatsApp, lilishika kasi kutokana na makala ya watoto 12 tu? Ilitoka katika jarida la kitabibu la The Lancet, Februari 1998, ikiwa na majina ya waandishi 13: Dk. Andrew Wakefield na wenzake wa hospitali ya Royal Free, London. Waandishi waliwazidi wagonjwa!

Tena makala yenyewe ilikiri kuwa haikuthibitisha uhusiano wowote kati ya usonji na chanjo ya pamoja ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Moto aliuwasha Wakefield mbele ya waandishi wa habari, aliposhauri watoto wachanjwe ugonjwa mmoja mmoja.

Je, wajua nani alikuwa akimlipa? Mwanahabari Brian Deer alifukua hadi akawafikia mawakili waliokuwa wakijiandaa kuwashtaki watengenezaji wa chanjo hiyo. Malipo yake yalipita pauni 400,000. Isitoshe, Juni 1997 alikuwa ameshaomba hataza ya chanjo ya surua peke yake. Ni kama muuza duka anayekuonya usinunue kwa jirani, kumbe lake linakaribia kufunguliwa.

Na damu ya kulinganishia na ya wagonjwa wake aliipata wapi? Kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mwanawe. Watoto waalikwa walitolewa damu, kila mmoja akapewa pauni 5. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe California mwaka 1999, hadhira ikacheka. Baraza la madaktari la Uingereza halikucheka: mwaka 2010 lilimfutia usajili, na The Lancet ikaiondoa makala rasmi. Wenzake 10 walikuwa wameshaikana tafsiri yake tangu 2004.

Wapo wanaoilaumu zebaki ya kihifadhi kiitwacho thiomesali. Chanjo hii ya pamoja haijawahi kuwa nayo. Ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na kihifadhi hicho kingeviua.

Na je, chanjo ikiachwa usonji hupungua? Japani iliacha chanjo ya pamoja mwaka 1993 kwa sababu nyingine kabisa: aina ya kirusi cha matumbwitumbwi iliyotumika iliwaletea baadhi ya watoto homa ya uti wa mgongo. Mjini Yokohama, visa vya usonji viliendelea kupanda hata kwa waliozaliwa baadaye. Denmark ikafuatilia watoto 657,461, matokeo yakachapwa 2019: waliochanjwa na wasiochanjwa hawakutofautiana kwa usonji.

Wazazi wanaoapa kwamba mtoto alibadilika baada ya sindano si waongo. Dalili nyingi za usonji huanza kuonekana katika mwaka wa pili wa maisha, na ndipo chanjo huangukia. Hata Kenya na Tanzania, dozi ya pili ya surua-rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 18.

Miongoni mwa walioumia? Wasomali wa Minnesota, Marekani. Mwaka 2004 watoto wao walikuwa wakichanjwa kwa asilimia 92, juu ya wenzao wengi jimboni. Wakaja wapinga chanjo, Wakefield mwenyewe akakutana na wazazi Minneapolis. Kufikia 2014 kiwango kilishuka hadi asilimia 42. Mwaka 2017 surua ikaingia: wagonjwa 75, wengi wao watoto wa Kisomali, na takriban wote hawakuwa wamechanjwa. Ndipo foleni za kliniki zikarefuka tena.