Firauni Asiyezama

Sinema zinazosimulia habari za Nabii Musa (A.S.) ni nyingi, na watazamaji wa Pwani wamezizoea tangu enzi za majumba ya sinema, kisha kanda za vidio, hadi leo ambapo mtoto huziangalia kwenye simu. Likizuka swala la uaminifu wake, aghalabu watu hulalamikia yaliyoongezwa. Mathalani "The Ten Commandments" ya Cecil B. DeMille, iliyotoka mwaka wa 1956 na ambayo huchukua karibu saa nne, imemzulia Musa mahaba na binti mfalme Nefretiri, jambo lisilokuwamo katika Kurani wala katika Taurati.

Hizo ni porojo, na porojo hutambulika upesi. Wala si haki kumlaumu DeMille kwa kuonyesha kwamba aliyemwokota mtoto mtoni ni binti Firauni, ilhali Kurani yamtaja mke wa Firauni. Yeye alifuata Taurati, na humo ni binti.

Lakini tazameni mwisho. Bahari yapasuka (maji yalimwagwa matangini, kisha picha ikachezwa kinyumenyume, ufundi wa kusifiwa), Wana wa Israili wavuka, jeshi lafunikwa. Firauni, ambaye ni Yul Brynner, yuko wapi? Amesimama ufukoni, mkavu. Arejea kwake, aketi kitini pa enzi na kumwambia mkewe kwamba Mungu wa Musa ndiye Mungu.

Katika Sura ya Yunus maneno ya kukiri yatoka kinywani mwa mtu anayezama, naye ajibiwa kwamba wakati umekwisha pita, na kwamba mwili wake utaokolewa uwe ishara kwa watakaokuja nyuma yake. Sinema imelichukua ungamo hilo ikalitoa majini. Hata Taurati yasema hakusalia mtu katika jeshi lililoingia baharini, na Zaburi ya 136 yamtaja Firauni pamoja na jeshi lake.

Ingekuwa sinema moja tungenyamaza. Ila katika katuni ya "The Prince of Egypt" ya 1998, mawimbi yamtupa Firauni mwambani, abaki akiliita jina la Musa. Na katika "Exodus: Gods and Kings" ya Ridley Scott, ya 2014, atoka majini mzima. Misri iliipiga marufuku hiyo ya Scott kwa kuikosea historia, ikiwamo kuwaonyesha Wayahudi wakijenga piramidi.

Sababu ya kumwacha hai haina siri. Zote tatu zimewafanya Musa na Firauni kama ndugu waliolelewa pamoja, na mtazamaji akishawapenda vijana wawili hapendi mmoja afe maji. Katika Kurani ndugu yake Musa ni Harun. Firauni ni yule anayemsimbulia Musa malezi yake katika Sura ya Ash-Shuaraa, na huyo ndiye azamaye.

Kwetu jambo hili si la mafundi wa sinema peke yao. Saumu ya Ashura, siku ya kumi ya Muharram, ni ya kushukuru kuokolewa kwa Musa na kuangamizwa kwa Firauni. Mtoto aliyeiona katuni ile mara kumi kabla ya kufika Sura ya Yunus chuoni atamwuliza mwalimu wake: Kwani Firauni si alipona? Na itambidi mwalimu naye awe ameiona, ili ajue swali hilo limetoka wapi.