Kisu cha Jua: Ngano za Mwezi katika Somo la Sayansi

Wasani wa kundi la /Xam, wawindaji wa nyanda kavu za Afrika Kusini, walisimulia kwamba Mwezi akishanenepa, Jua humfuata na kumkata kwa miale yake kama kwa kisu. Hukatwa siku baada ya siku, hadi abaki uti wa mgongo tu. Hapo huomba aachiwe huo kwa ajili ya watoto wake, naye Jua humhurumia. Mwezi hujikokota kwenda kwake na kuanza kunenepa upya. Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd waliiandika ngano hii mjini Cape Town katika miaka ya 1870, kutoka vinywani mwa Wasani wenyewe.

Mwalimu anayeidharau ngano hii kama ushirikina hupoteza kifaa bora cha kufundishia, kwani ndani yake mna uchunguzi wa kweli: kila alfajiri mwezi unaopungua huonekana karibu zaidi na jua, na kadiri unavyolikaribia ndivyo unavyokonda. Swali la kuwapa wanafunzi ni moja. Kama jua ndilo linalokata, ni upande upi ungepaswa kuliwa kwanza? Bila shaka ule unaolielekea. Basi waamke mapema tangu mwezi mpevu, wachore wanachokiona. Michoro yao itaonyesha kinyume: upande unaolielekea jua ndio unaong'aa, na giza huingia kwa upande wa pili.

Chungwa lililochomekwa kijiti humaliza kazi. Katika chumba chenye giza na taa moja, mwanafunzi hunyoosha mkono, hulishika chungwa juu kidogo ya kichwa, kisha hujizungusha polepole. Nusu ya chungwa huwa na mwanga wakati wote. Kinachobadilika ni sehemu ya nusu hiyo anayoiona yeye. Angani mzunguko huo, kutoka mwandamo hadi mwandamo, huchukua takriban siku 29 na nusu.

Chungwa hilohilo hueleza kupatwa kwa mwezi. Wahindu husimulia juu ya Rahu, jitu lililokatwa kichwa, ambalo humeza mwezi kisha ukatokea kooni. Kiswahili nacho husema mwezi "umepatwa", kana kwamba kuna aliyeukamata. Mwanafunzi akiipa taa mgongo na kulishusha chungwa kidogo, kivuli cha kichwa chake mwenyewe hulifunika: kinachoumeza mwezi ni kivuli cha dunia. Na kwa kuwa njia ya mwezi imeinama kwa nyuzi 5 hivi, mara nyingi mwezi mpevu hupita juu au chini ya kivuli hicho, ndiyo maana haupatwi kila mwezi.

Wachina, Wajapani na Waazteki wa Mexico, waliotengana kwa bahari kuu, wote walimwona sungura mwezini. Umbo lake ni tambarare za mawe meusi, lava iliyofurika na kuganda, sehemu kubwa yake zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita. Wote walimwona yuleyule kwa sababu mwezi hujizungusha mara moja kila unapoizunguka dunia, hivyo uso wake unaoelekea kwetu ni mmoja. Pembe ya kumtazamia tu ndiyo hutofautiana: anayeonekana wima kaskazini ya mbali huonekana amepinduka kusini ya mbali.