Je, Wajua? Kunguru Hushika Sura

Je, wajua kwamba ukimchokoza kunguru anaweza kukushika sura? Mwaka 2006 John Marzluff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walivaa kinyago cha kutisha, wakanasa kunguru, wakawavisha pete miguuni na kuwaachia. Tangu hapo kila aliyepita na kinyago kile alizomewa, mwaka hadi mwaka, hata na kunguru ambao hawakuwahi kunaswa: walifundishwa na wenzao. Aliyevaa kinyago cha Dick Cheney, makamu wa rais wa Marekani wakati huo, alipita salama. Kunguru hana siasa.

Hao ni kunguru wa Marekani. Huyu wetu mwenye shingo ya kijivu, anayevizia masufuria ya mama lishe kuanzia Tandale hadi Tandika jijini Dar es Salaam, ni ndugu yao wa ukoo mmoja, na ukoo huo una vichwa vizito. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kuwa ubongo wa ndege hawa ni mdogo lakini seli zake zimeshonana kuliko za kima mwenye ubongo wa uzito uleule.

Basi, katika vita vyetu vya kumpunguza, anashindwa wapi? Anashindwa na muda. Mtego wa waya huwanasa wengi mwanzoni. Waliobaki wakishaona yanayowapata wenzao, huusogelea kwa hadhari au huuhama kabisa. Sumu iuayo papo hapo nayo ingekuwa hivyo hivyo. Lakini sumu iitwayo Starlicide, iliyotumika Zanzibar na Dar es Salaam, ina ujanja wake: hupakwa kwenye nyama, kunguru hula, hushiba, huruka zake. Figo huharibika polepole, naye hufa saa nyingi baadaye, mara nyingi usiku akiwa mtini. Asubuhi wenzake wanauona mzoga, ila hakuna anayeuhusisha na mnofu wa jana. Wanarudi kula palepale.

Tusimcheke sana. Miaka ya 1890 Waingereza walimleta ndege huyu Zanzibar kutoka Bara Hindi ili ale taka, na siku zile hesabu ilionekana nzuri. Leo taka bado zipo, na kunguru amevuka hadi bara, anakula vifaranga, mayai na makinda ya ndege wengine. Kunguru wa asili mwenye kifua cheupe amekuwa adimu jijini Dar es Salaam. Kenya nayo, Juni 2024, ilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja kabla mwaka haujaisha.

Kwao India yupo anayemweza bila sumu: ndege wa jamii ya kekeo aitwaye koel. Jike hunyemelea kiota cha kunguru na kutaga humo, na kunguru yuleyule mwenye kushika sura hulilisha kinda la mwenzake mpaka liruke. Waliomleta kunguru pwani hawakumleta koel.