Daftari la Hoja katika Chama cha Ushirika

Chama cha ushirika hutofautiana na kampuni ya kawaida kwa kuwa anayehudumiwa kwenye kaunta ndiye huyo huyo mwenye chama. Kanuni za ushirika, kama zilivyopitishwa upya na Muungano wa Kimataifa wa Ushirika mjini Manchester mwaka 1995, zinaweka mamlaka mikononi mwa wanachama, na katika vyama vya msingi kila mmoja ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Hata hivyo, kura hiyo hupigwa zaidi katika mkutano mkuu wa mwaka, ilhali makato ya mshahara yasiyoingia katika akaunti, mikopo inayokawia na taarifa za akiba zenye makosa ni mambo ya kila wiki. Kwa hiyo namna chama kinavyopokea na kujibu hoja za wanachama kati ya mkutano mmoja na mwingine ni sehemu ya utawala wake, wala si adabu ya kaunta tu.

Nyenzo inayofaa kwa kazi hiyo ni mfumo wa kufuatilia hoja, yaani programu ya kompyuta ambamo kila ombi, lalamiko au pendekezo huandikwa peke yake, hupewa nambari, hukabidhiwa mtu mmoja wa kulishughulikia, na huonyesha limefikia hatua gani. Mifumo hii ilienea kwanza miongoni mwa waundaji wa programu, na Bugzilla, uliotolewa mwaka 1998 kwa ajili ya kufuatilia hitilafu za kivinjari cha Mozilla, ni mmojawapo wa ile ya mwanzo iliyo wazi kwa umma. Nchini Kenya, jukwaa la Ushahidi, lililoanzishwa mwaka 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, lilionyesha kwamba taarifa za watu wengi zinaweza kukusanywa kwa ujumbe mfupi wa simu na kupangwa mahali pamoja.

Kisiwa cha Mombasa kina sababu zake za kuuhitaji mfumo wa namna hii. Vyama vya akiba na mikopo, vinavyojulikana kwa jina la Sacco, vina mizizi mirefu miongoni mwa wafanyakazi wa bandari ya Kilindini, na wenye matatu nao hujiunga katika Sacco au kampuni kwa mujibu wa kanuni za uchukuzi za mwaka 2014. Mfanyakazi wa zamu ya usiku hulala saa ambazo ofisi iko wazi, dereva yumo njiani, na mvuvi anayeshusha samaki Mji wa Kale hurudi kwa kufuata bahari, si kwa kufuata saa za ofisi. Wanachama kama hawa wakitegemea kumbukumbu ya karani waliyezungumza naye, hoja hupotea siku karani huyo anapokwenda likizo, na mwenye hoja hulazimika kuanza upya kueleza.

Uchukuliwe mfano wa mwanachama auzaye leso Biashara Street, aliyemdhamini mwenzake, yaani aliyekubali akiba yake izuiwe hadi mkopo wa mwenzake umalizike. Mkopo umelipwa wote, lakini yeye anapoomba wake anaambiwa akiba yake bado imefungwa. Katika mfumo wa hoja, karani huandika tarehe, jambo lililotokea na kile mwanachama anachoomba, kisha nambari ya hoja humfikia mwanachama kwa simu. Ofisa wa mikopo huthibitisha malipo ya mwisho, mhasibu huiachilia akiba, na kila mmoja huandika alichofanya na lini. Hoja haifungwi kwa sababu ofisi imeridhika, bali hufungwa mwanachama anapothibitisha kwamba akiba yake imefunguliwa, na sababu ya kuifunga hubaki imeandikwa.

Faida kubwa zaidi huonekana hoja zinapolinganishwa. Wadhamini kadhaa wakileta lalamiko hilo hilo, hoja zao huunganishwa chini ya chanzo kimoja, na uongozi hutambua kwamba programu ya mikopo haiachilii dhamana yenyewe deni linapokwisha. Dawa basi ni kurekebisha utaratibu, si kumridhisha mmoja mmoja. Mapendekezo nayo yatengwe na malalamiko, kwa kuwa pendekezo halina kosa la kusahihishwa: linahitaji uamuzi, na likikataliwa, aliyelitoa anastahili kupewa sababu.

Mfumo huu una masharti yake. Habari za fedha za mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kwa hiyo wanaoziona wawe wale tu ambao kazi yao inahitaji. Lalamiko dhidi ya mfanyakazi lisipite mikononi mwake, bali lipelekwe kwa kamati ya usimamizi, ambayo hukagua kazi za uongozi kwa niaba ya wanachama. Asiyeweza kutumia simu ya intaneti aandikiwe na karani na asomewe kilichoandikwa kabla hakijahifadhiwa. Mgogoro ukifika kwenye mahakama maalumu ya ushirika, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika, kumbukumbu yenye tarehe itausaidia upande wenye haki, uwe wa chama au wa mwanachama.

Programu pekee haileti uwajibikaji, maana hoja inaweza kufungwa haraka ili takwimu zipendeze. Ndiyo maana mkutano mkuu unapaswa kupokea, pamoja na hesabu zilizokaguliwa, taarifa fupi isiyotaja majina: hoja ngapi zilifunguliwa, ngapi zilifungwa, ngapi zilifunguliwa tena, na ile kongwe iliyobaki imekaa muda gani na kwa nini. Wanachama wakiwa na taarifa hiyo mkononi, wataweza kuwachagua viongozi kwa kuangalia namna walivyowajibu wenye chama mwaka mzima.