Ruhuka Anapanda Mlima

Kahawa aina ya arabika ya nyanda za juu za Afrika Mashariki imekuwa ikilindwa na kitu ambacho mkulima hakuwahi kukilipia hata senti: baridi. Ruhuka, mdudu mweusi asiyefika hata milimita mbili, hutoboa tunda la kahawa, akazama hadi kwenye punje na kutaga mayai humo. Watoto wake huitafuna buni kwa ndani huku tunda likionekana zima, ila kwa kitundu kimoja kidogo. Kwa kuwa karibu maisha yake yote humalizikia ndani ya tunda, dawa ya kupuliza humfikia kwa shida. Baridi ndiyo iliyomweza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa joto likiwa chini ya nyuzi 15 hivi za Selsiasi, ruhuka hakui. Milimani, ambako joto hupungua kadiri unavyopanda, kipimo hicho kimekuwa uzio wa shamba, na uzio huo sasa unasogea juu.

Eneo la kahawa la Jimma, Ethiopia, linaeleza vizuri jambo hili. Kwa hesabu za utafiti huohuo, hadi mwaka 1984 Jimma ilikuwa na baridi kiasi kwamba ruhuka asingeweza kukamilisha hata kizazi kimoja kwa mwaka. Baada ya hapo joto lilimruhusu kimoja hadi viwili. Ongezeko hilo la vizazi linaonekana dogo, lakini kutoka sifuri hadi viwili ni tofauti ya mdudu anayepita njia na mdudu aliyefanya makazi. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro nako, watafiti waliripoti kumkuta takriban mita 300 juu ya alikoishia miaka kumi kabla.

Wapo watakaosema kwamba wadudu husambazwa na watu, si na hali ya hewa. Ni kweli kwamba ruhuka, mzaliwa wa Afrika, amevuka bahari pamoja na kahawa. Mwaka 2010 aligunduliwa Hawaii. Lakini kufika mahali si kuishi hapo. Gunia linaweza kumbeba mdudu hadi shamba la juu kabisa. Joto ndilo linaloamua kama atazaana. Wengine watasema joto likizidi litamuua na yeye. Naam, joto likipita nyuzi 32 hivi naye hushindwa kukua, na huenda maeneo ya chini yakapata nafuu. Ila arabika hupenda nyuzi 18 hadi 22. Siku joto litakapomshinda ruhuka, mbuni wenyewe utakuwa umeshashindwa zamani.

Basi kahawa nayo ipande juu? Kilimanjaro haina nafasi hiyo. Juu ya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani yenye kahawa, kuna msitu, na tangu 2005 msitu huo umo ndani ya hifadhi ya taifa. Tena ndio unaotunza maji ya wanaoishi chini. Mdudu haulizi mpaka, mkulima hana budi kuuheshimu. Ndiyo maana nashikilia kuwa maofisa ugani waanzie kwenye mashamba ya juu, ambako watu hawajazoea kumtafuta ruhuka. Matunda yaliyosalia mtini na yaliyodondoka baada ya mavuno ndiyo humhifadhi hadi msimu ujao, na kuyaokota kunafaa zaidi wakati ruhuka bado ni wachache, mradi majirani waokote pamoja, maana anayesazwa kwenye shamba moja huruka hadi la pili.