Kiswahili cha Muscat na Mkataba wa Miaka Miwili

Kijana wa Kitanzania aendaye Oman kwa kazi ya mkataba huonywa mambo mengi kabla ya safari. Huambiwa habari za joto, za upweke, na za Kiarabu asichokijua. Jambo moja ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba atasikia Kiswahili. Akiingia katika nyumba ya mwajiri wake mjini Muscat, si ajabu akapokewa na bibi mzee asemaye Kiunguja kizuri kuliko chake, akamwita mwanangu, akamwuliza habari za Darajani na za mvua za vuli. Hapo mgeni hupumua. Moyoni husema: kumbe nimefika kwa watu. Nasi twasema kwamba faraja hiyo ni ya kweli, lakini ndani yake mna mtego ambao yafaa kila mfanya kazi aujue kabla hajapanda ndege.

Kiswahili hicho hakikufika huko kwa bahati. Katika karne ya 19 Seyyid Said alihamishia makao yake Unguja, na kwa vizazi vingi watu walikwenda na kurudi baina ya pwani hizi mbili. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na hasa baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwezi wa Julai 1970, wengi waliozaliwa Unguja, Pemba na bara walihamia Oman, wakaenda na lugha yao na mapishi yao. Ndiyo sababu mgeni wetu hukuta halua aijuayo, mishkaki aijuayo, na pengine kanga aijuayo.

Mambo mengine humshangaza. Nyumba za Muscat ni nyeupe na nyingi si ndefu. Nyuma yake imesimama milima mikavu ya mawe matupu, isiyo na mti wa kumkumbusha Usambara wala Uluguru. Fedha ya huko ni riali, nayo hugawanyika katika baisa 1,000. Riali moja ni zaidi kidogo ya dola mbili na nusu za Marekani. Katika wiki ya kwanza mgeni hukaa akigeuza riali kuwa shilingi, na hesabu hiyo hulevya, kwani huonyesha mapato, haionyeshi saa za kazi.

Na saa zenyewe zina mambo yake. Saa ya Muscat iko mbele ya yetu kwa saa moja, nalo ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba katika karatasi za kazi saa huhesabiwa tangu usiku wa manane, wala si kwa desturi yetu. Ikiandikwa kwamba kazi huanza saa 6 asubuhi, maana yake ni saa kumi na mbili yetu, jua linapochomoza. Asiyeliuliza jambo hili Dar es Salaam ataliuliza akiwa tayari ameshika ufagio.

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa mkataba hapewi hata siku hizo mbili. Tena jembe la nyumbani halina kengele ya kufungulia kazi. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, sheria ya Oman huwapumzisha wajenzi na wengine wafanyao kazi juani, tangu saa sita na nusu mchana hata saa tisa na nusu alasiri. Amri hiyo ni njema, lakini haiingii jikoni.

Hapa ndipo mtego ulipo. Lugha ni ile ile, lakini sheria si ile ile. Katika nchi za Ghuba kuna utaratibu uitwao kafala, ambao hufunga ruhusa ya mgeni ya kukaa nchini kwa jina la mwajiri wake. Akitoka nyumbani mwa mwajiri bila ridhaa, aweza kuhesabiwa mtoro. Sheria ya Kazi ya Oman ya mwaka 2003 iliwaacha nje watumishi wa nyumbani. Kanuni zao zilitolewa mbali, mwaka 2004. Tangu Januari 2021 serikali ya huko imewaruhusu wageni waliomaliza mikataba yao wahamie kwa mwajiri mwingine bila cheti cha yule wa kwanza. Ni hatua ya kusifiwa. Lakini mwenye taabu hasa ni yule aliye katikati ya mkataba.

Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu. Wengi walieleza kwamba walinyang'anywa pasi za kusafiria, walifanya kazi tangu alfajiri hata usiku wa manane, na walilipwa pungufu ya ahadi. Hatusemi kwamba kila mwajiri ni wa namna hiyo. Wapo waliorudi na nyumba za matofali na ada za watoto, wakiwakumbuka waajiri wao kwa wema. Tusemalo ni kwamba haki isiyotegemea chochote ila wema wa mwenye nyumba haijawa haki bado, ni bahati.

Wafanya kazi wa dunia wamekwisha kulitambua jambo hili. Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, wasema kwamba mtumishi wa nyumbani aendaye nchi nyingine apewe masharti yake kwa maandishi kabla ya kuvuka mpaka. Akae na pasi yake mwenyewe. Apumzike saa 24 mfululizo kila wiki. Na ada za wakala zisikatwe katika mshahara wake. Serikali nyingi bado hazijauridhia. Yatupasa sisi, katika matawi yetu na katika vyama vya wafanya kazi, kuulizia jambo hili bila kuchoka.

Hata hivyo aondokaye mwezi ujao hawezi kungoja serikali. Na asomewe mkataba wake neno kwa neno, kwa lugha aielewayo, kabla ya kutia sahihi. Nakala moja aiache kwa mtu wa nyumbani anayemwamini. Namba ya ubalozi wetu wa Muscat aiandike mahali pawili. Mshahara wa kila mwezi, na kila siku ya mapumziko aliyonyimwa, aviandike kwa tarehe. Maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Na yule bibi amwitaye mwanangu, amwitikie kwa adabu zote, kama alivyolelewa. Ale naye halua, amsimulie habari za Darajani. Kisha, jioni ile ile ya kwanza, wakati maneno yangali matamu, aulize kwa upole: pasi yangu itakaa wapi, na siku yangu ya kupumzika ni ipi?