Kuhama Benki Uingereza: Je, Kunaharibu Rekodi Yako ya Mikopo?

Mko saiti mnakunywa chai, mwenzako anakuonyesha simu: benki fulani inatoa zaidi ya pauni 100 kwa mteja anayehamia kwao. Akili inapiga hesabu haraka. Hiyo ni ada ya mtoto, au mabati ya ile nyumba. Mwingine anadakia: "Usithubutu! Ukihama benki alama zako zinashuka, hata simu ya mkataba hutapata."

Ukweli ni huu: kuhama kwenyewe hakukuharibii. Kinachoharibu ni jinsi unavyohama.

Nani anakuangalia?

Uingereza kuna kampuni tatu kubwa zinazotunza rekodi za mikopo: Experian, Equifax na TransUnion. Mliotoka Kenya mnaijua CRB. Kazi ni ileile. Anayetaka kukukopesha gari, kukupa simu ya mkataba, hata wakala wa nyumba, anaweza kuchungulia humo.

Ukiomba akaunti, benki nayo inachungulia. Kuna kuchungulia kwa juujuu, ambako unakuona wewe tu na hakushushi alama. Na kuna ukaguzi kamili, ambao hubaki kwenye rekodi mwaka 1 hadi 2 na wakopeshaji wengine wanauona. Ukaguzi mmoja hushusha alama kidogo tu, kisha zinapanda tena. Lakini ukiomba benki nne mwezi mmoja kwa kukimbiza bonasi, unaonekana mtu aliyebanwa na shida. Kwa hiyo kabla ya kuomba, uliza: "Mtafanya ukaguzi wa aina gani?" Na kama karibuni unataka mkopo wa gari au nyumba, maliza hilo kwanza, benki baadaye.

Deni uliloliacha nyuma

Hapa ndipo watu wanaumia. Ulikuwa na ofadrafti, yaani ruhusa ya kutoa pesa kuliko ulizonazo. Ukaacha akaunti ikidaiwa pauni 40, ukadhani imejifia. Barua zinakwenda kwenye chumba ulichokwisha kuhama. Siku likiandikwa kuwa deni sugu, linakaa kwenye rekodi yako miaka 6, kwa ajili ya pauni 40! Lipa kwanza, au kubaliana na benki mpya kama itakupa ofadrafti ya kiasi hichohicho.

Hama kwa njia rasmi

Tangu 2013 kuna huduma iitwayo Current Account Switch Service. Ni bure, inachukua siku 7 za kazi, na benki nyingi zimo. Usifunge akaunti ya zamani mwenyewe. Benki mpya ndiyo inayofanya kazi yote. Inahamisha salio lako, pamoja na makato ya kila mwezi ya umeme, simu na kodi ya nyumba. Bosi akikosea akatuma mshahara kwenye akaunti ya zamani, unafuata mpya kwa angalau miaka 3. Kosa likitokea katika kuhamisha na ukatozwa faini, unarudishiwa.

Kitu kimoja hakihami: malipo yaliyofungwa kwenye namba ya kadi. Badilisha kadi mwenyewe kwenye programu unayotumia kutuma pesa nyumbani, na popote ulipoiweka. Usingoje siku mama yuko hospitali ndipo ugundue kadi imekataa. Na kama kuna mkopo unaoulipa kwa kadi hiyo, malipo yakikwama huo ni ucheleweshaji, nao unaandikwa.

Jambo wengi hawalijui

Ukiwa raia wa Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda, nchi yako iko Jumuiya ya Madola. Ukiwa unaishi Uingereza kwa kibali halali, unaweza kujiandikisha kwenye daftari la wapiga kura. Hilo linathibitisha anwani yako na kusaidia maombi ya mkopo. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi walioko England wanaweza kupeleka ushahidi wa makazi kwa kampuni zile tatu, uwekwe kwenye rekodi yao.

Kabla hujabonyeza "Omba"

- Tazama rekodi yako kwenye kampuni zote tatu. Ni bure, ni haki yako kisheria.
- Lipa ofadrafti.
- Hakikisha anwani yako ni ileile kila mahali.
- Omba benki moja tu.
- Mwezi wa kwanza, kagua kila makato kama yamepita.

Ukifanya hayo, chukua pauni zako 100 kwa amani, na mabati yapande.